Mtoto aanze muziki mapema, kinachobaki ni masikio (uzi mrefu, tuelimishane)

Fundi wa Mashine

Wakuu habari za jioni, na kwa wale wa nyumbani mbukwenyi. Hili jambo nimekaa nalo siku nyingi, leo nimetoka mazoezi ya watoto nikasema ngoja niliandike lote, uzi utakuwa mrefu mnivumilie.

Mi ni fundi wa mashine za kusaga na kukoboa hapa Dodoma mjini, na jioni za Jumatano na Jumamosi nafundisha kwaya ya watoto kanisani kwetu Nkuhungu, mwaka wa kumi na moja sasa, watoto wa miaka minne mpaka kumi na mbili. Muziki sijausomea chuo. Solfa nilifundishwa na mwalimu wa kwaya wa zamani nikiwa kijana, ila kabla ya hapo nilipita mikononi mwa babu mzaa mama, kijijini upande wa Chamwino, na huyo babu ndo chanzo cha haya yote.

Babu alikuwa na ilimba. Kwa wasioijua, ni marimba ya mkononi ya sisi Wagogo, sanduku la mbao lenye ndimi za chuma unazipiga kwa vidole gumba. Sasa kwenye lile sanduku kuna kitundu, na juu ya kitundu unabandikwa utando mweupe wa buibui, ule anaofunikia mayai yake, ndo unaoipa ilimba ule mvumo kama nyuki wako ndani. Utando ukichanika ilimba inalia lakini utamu hamna. Nikiwa na miaka mitano kazi yangu ilikuwa kutafuta utando, napita kwenye kuta za tembe humo ndani gizani naangalia juu karibu na boriti, nikiuona naubandua kwa ncha ya kisu taratibu maana ukiharakisha unachanika, nauweka kiganjani nampelekea babu huku sipumui usije ukapeperuka. Anaubandika, anapiga ulimi mmoja, anauliza "umesikia?" Halafu anausukuma ule ulimi ndani kidogo, kidogo sana, anapiga tena, "na sasa?" Nisiposema imepanda au imeshuka hatuendi mbele. Siku nyingine ulimi mmoja unatuchukua mpaka mbuzi wanarudi. Mi nilijua tunacheza tu.

Babu alifariki nikiwa na miaka kumi, nikaletwa mjini kwa shangazi, ilimba sikuishika tena. Shuleni nikawa nagonga gonga dawati kwa vidole, mwalimu mmoja akawa ananichapa kila akisikia, anasema nina mapepe, mpaka nikaacha. Iliniuma na inaniuma mpaka leo kwa sababu kile kilikuwa ndo kitu pekee nilichobaki nacho cha babu.

Leo nina miaka 44, ukinipa ilimba vidole havijui pa kwenda. Lakini masikio hayajaondoka jamani. Nikiitwa kwenye mashine nikasimama tu mlangoni, kabla sijafungua hata boksi la spana najua beringi ya upande upi inakwisha, maana mota nzima ina sauti yake na inayoelekea kufa inapanda kidogo, na chini yake kuna mkwaruzo. Vijana wangu wanasikia kelele tu. Nilidhani ni uzoefu wa kazi, ila mwenzangu tulianza ufundi mwaka mmoja, mkono wake ni mzuri kuliko wangu, na hicho kitu hakisikii. Ndo nikaanza kujiuliza, hivi vile vipindi vya "umesikia? na sasa?" viliniachia nini?

Nikaanza kusoma soma usiku kwa bando. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern kule Chicago anaitwa Nina Kraus, yeye na wenzake 2013 walitoa utafiti wa watu wazima wa miaka 55 mpaka 76. Wakawawekea vipimo kichwani vya kusoma ubongo unavyoitikia silabi moja tu, "da". Wale waliojifunza ala utotoni kwa miaka minne mpaka kumi na minne, ubongo wao ulidaka ile sauti haraka kuliko wasiojifunza kabisa. Na wengi wao walikuwa hawajagusa ala kwa miaka kama 40! Tofauti yenyewe ni kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, utasema ni ndogo, lakini pale konsonanti inapoingia kwenye irabu mambo yanatokea haraka sana, na hapo ndo wazee wetu wanapopotelea wanakwambia "nakusikia unaongea mwanangu ila sielewi unasema nini", hasa kukiwa na watu wengi.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na nitaitetea mpaka mwisho wa uzi. Muziki wa utotoni sio wa kumfanya mtoto awe wa kwanza darasani wala awe msanii. Ni wa kumfundisha kusikia, na kusikia pamoja na wenzake, na hilo likishaingia mapema halitoki hata akiacha. Na hauhitaji hela. Karibuni.


Baba Kijacho

Uzi mzuri mkuu, umenigusa. Mi nakaa Ipagala, mke wangu ana mimba ya miezi saba. Kuna rafiki katutumia miziki ya Mozart tumuwekee mtoto tumboni kwa hedifoni kila usiku eti anazaliwa na akili. Tumeanza wiki ya pili. Tupo sahihi?


Fundi wa Mashine

Hongereni sana, Mungu awafikishe salama. Hiyo ya Mozart ngoja nikueleze ilikotoka maana imezunguka dunia nzima. 1993 kuna watafiti Marekani walichukua wanafunzi 36 wa chuo kikuu, watu wazima kabisa, wakawasikilizisha Mozart dakika kumi kisha wakawapa mtihani wa kuwaza maumbo, kama karatasi ikikunjwa na kukatwa itafunguka na sura gani. Waliosikiliza Mozart walifanya vizuri zaidi, kwa muda wa dakika kumi na tano hivi, basi, ikaisha. Hakukuwa na mtoto mchanga hata mmoja pale. Lakini habari ikakua mpaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia akaomba bajeti kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa namna hiyo. Yani kutoka dakika kumi na tano za mwanachuo mpaka kitanda cha wodi ya wazazi.

Hedifoni toa. Mtoto wa miezi saba tumboni tayari anasikia, na sauti anayoisikia kuliko zote ni ya mama yake kwa sababu inapita ndani kwa ndani mwilini. Mwambie shemeji aimbe. Wimbo wowote, wa kanisani, wa kijijini kwao, hata kama sauti inakwama. Na we baba imba karibu. Mtoto akizaliwa muimbie wimbo uleule, utaona anavyotulia anapoutambua.


Mama Wawili

Shikamoo kaka Fundi. Mi nina kijana yuko darasa la pili, kusoma kunamsumbua. Anajua herufi zote ila akiambiwa aunganishe anabahatisha, "kalamu" anasoma "kamalu". Tuisheni nimempeleka. Mwalimu wake anasema ni mvivu, mi mama yake najua sio mvivu. Huu muziki unaweza kusaidia au nitakuwa napoteza muda?


Fundi wa Mashine

Marahaba dada. Kwanza pole, na usikubali jina la uvivu likae kwa mtoto.

Mi sio mtaalamu wa kusoma, kwa hiyo tuisheni iendelee na kama kuna uwezekano apimwe macho na masikio, tena masikio usiyaache, huku kwetu na hili vumbi na mafua ya kila mara watoto wengi masikio yanaziba na hakuna anayejua. Ila nikwambie ninachokiona kwenye kwaya. Mtoto anayesema "kamalu" mara nyingi ukimwambia apige makofi kwenye jina lake haendi sawa na silabi. Jina lina silabi nne yeye anapiga tatu au tano. Yani maneno anayasikia kama bonge moja, hajui linakatikia wapi.

Na hili limepimwa. Kanada 2002 walichukua watoto 100 wa miaka minne na mitano, wakaona wale wenye uwezo mzuri wa kutofautisha sauti za muziki ndo haohao wanaosikia vizuri vipande vya maneno, na wanaanza kusoma vizuri zaidi. Haisemi kwamba muziki ndo ulisababisha, inasema vinatembea pamoja. Na Kiswahili chetu kimekaa kimuziki chenyewe, silabi zinafuatana kama mipigo, ba be bi bo bu ni ngoma tayari.

Fanya hivi kila siku dakika kumi, sio zaidi. Kaeni chini mnatazamana. We sema neno unapiga mapaja, ka-la-mu, yeye arudie. Kisha we piga tu bila kusema, mipigo mitatu, yeye atafute neno la mipigo mitatu ndani ya nyumba: sufuria hapana ina minne, kikombe sawa, kitanda sawa. Kisha mgeuze, yeye awe mwalimu. Mwisho ndo ulete karatasi. Binti yangu wa pili alikuwa hivyohivyo, tulifanya hii kuanzia msimu wa zabibu mpaka mvua za mwaka uliofuata. Haikuwa muujiza, ilikuwa polepole, ila sasa hivi anasoma masomo kanisani mbele za watu.


Mpenda Takwimu

Mkuu naheshimu hisia zako ila tuwe wakweli. Nimesoma uchambuzi wa Sala na Gobet wa 2020, wamekusanya tafiti 54, watoto karibu elfu saba, wakakuta kwamba ukiondoa tafiti zilizofanywa ovyo, muziki hauongezi akili wala maksi, athari inakaribia sifuri. Kwa hiyo wazazi wasidanganywe watoe hela za masomo ya piano wakidhani wananunua division one.


Fundi wa Mashine

Mkuu umeleta kitu cha maana na sikukatalii hata kidogo. Huo uchambuzi ndo ulinifanya nibadilishe namna ninavyoongea na wazazi. Zamani na mi nilikuwa nawaambia "mlete mtoto kwaya atafaulu hesabu", sisemi tena. Kuna utafiti wa Toronto kule Kanada wa 2004, wa Schellenberg, watoto 144 wa miaka sita, wengine wakafundishwa kinanda, wengine kuimba, wengine maigizo, wengine hawakupewa kitu, baada ya mwaka, wale wa muziki wakapanda alama kama saba kwenye kipimo cha akili na wengine kama nne. Tofauti ni alama tatu hivi. Kwa alama tatu mi siwezi kumwambia mzazi auze mbuzi.

Lakini soma tena nilichoandika mwanzo. Sikusema maksi. Nimesema masikio na kuwa pamoja. Kwenye masikio ushahidi umekaa vizuri, sikio la mtoto linaanza kujichonga mapema kuliko tunavyodhani. Kuna watafiti, Hannon na Trehub, 2005 walipima watoto wa Amerika Kaskazini kwa midundo ya huko Balkani, kusini mashariki mwa Ulaya, isiyo sawasawa, ambayo watu wazima wa kwao inawachanganya. Mtoto wa miezi sita alikuwa anagundua mdundo ukikosewa, wa kwao na wa kigeni vilevile. Wa miezi kumi na mbili alishaanza kugundua wa kwao tu. Miezi kumi na mbili! Ila huyo wa miezi kumi na mbili akisikilizishwa wiki mbili tu ule mdundo wa kigeni anaupata, mtu mzima akisikilizishwa vilevile haupati. Sasa we fikiria mtoto wa Kigogo wa zamani anayebebwa mgongoni na mama anapiga muheme, ngoma iko kati ya magoti ya mama na mtoto yuko mgongoni, anapokea mdundo kwa mwili kabla hajajua kusema. Na zile noti tano zinazojenga nyimbo zetu, kuna moja ukiitafuta kwenye kinanda cha dukani huipati, kinanda kiko juu kidogo. Watoto wangu wa kwaya waliolelewa na bibi vijijini wanaiimba bila kufundishwa. Waliokulia na TV wanaivuta kwenda kwenye kinanda, na ukiwasahihisha hawasikii tofauti ilipo. Hilo nalishuhudia kila mwaka.


Nyanda za Kati

Hapo kwa bibi umenikumbusha mbali. Sisi tulikuwa tunaimba nindo, nyimbo zetu za Kigogo, usiku kabla ya kulala, watu wazima wakiimba na sisi watoto tunapewa sehemu yetu, hakuna aliyetufundisha, unaingia tu ukikosea unatazamwa. Dk. Kedmon Mapana, mtafiti wa muziki, ameliandikia hili, mtoto wa Kigogo anajifunza muziki nyumbani kwa namna moja halafu akifika shule anakutana na kitu kingine kabisa. Ndo huyohuyo aliyeanzisha tamasha la muziki la Chamwino, watu wapeleke watoto wakaone.


Fundi wa Mashine

Umesema kweli ndugu yangu. Mi wangu nawapeleka. Na ukitaka kuona nyumba iliyorithishana angalia ukoo wa marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa Doda huku huku kwetu, alifariki 2003 na dunia nzima ilishamjua kwa ilimba na zeze na ile sauti, leo binti yake Pendo na mjukuu Leah wanaimba na 2024 walipanda jukwaani kwenye tamasha la Glastonbury kule Uingereza. Hawakuanzia chuo, walianzia uani.


Mwanafunzi wa Madrasa

Assalaam alaykum. Naomba kuuliza kwa heshima. Sisi nyumbani ala za muziki hatuzitumii, baba hapendi. Je watoto wetu wanakosa hizo faida?


Fundi wa Mashine

Waalaykum salaam ndugu. Hapana, hawakosi. Sauti ya binadamu ndo ala ya kwanza na huko kwenu watoto wanaifanyia kazi kuliko huku kwangu. Mtoto wa miaka mitano anayehifadhi kwa kurudia sauti ya mwalimu wake, urefu wa kila irabu, wapi avute wapi akate, hayo ni mazoezi ya sikio ya hali ya juu. Jirani yangu ustadhi, watoto wake wakija kucheza kwangu wanasikia nikikosea noti kwenye kuimba kabla ya wanakwaya wangu.


Mwalimu Mkeka

Mimi nafundisha shule ya msingi pembezoni mwa jiji. Darasa langu la pili lina watoto 91. Kwenye mtaala kuna Utamaduni, Sanaa na Michezo lakini kwa kweli kipindi hicho wengi tunakitumia kumalizia kusoma na hesabu, au watoto wanatoka nje wanakimbia. Sina hata ngoma moja. Sio kwamba sitaki. Nianzie wapi?


Fundi wa Mashine

Mwalimu nakuheshimu sana, 91 sio mchezo. Swali lako ndo nililokuwa nalisubiri kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Ngoma usitafute kwanza. Ligawe darasa katikati. Upande wa dirishani waseme "nya-ma, nya-ma" wakipiga paja, silabi mbili. Wakishatulia nao, wa upande wa mlangoni waseme "u-ga-li, u-ga-li" wakipiga makofi, silabi tatu ndani ya muda uleule wa nyama moja. Yani "nya" na "u" zinaanza pamoja, katikati zinapishana, zinakutana tena mwanzo. Mbili juu ya tatu. Huo ndo uti wa mgongo wa ngoma zetu nyingi hapa katikati ya nchi na watu wazima wanaokuja kujifunza ukubwani unawatoa jasho. Watoto wa miaka saba wanaupata siku ya kwanza au ya pili. Wakishaupata wabadilishane pande.

Faida yake iko hapa. Mtoto wa ugali hawezi kufanikiwa bila kumsikia wa nyama. Akikimbia peke yake inavunjika, akizubaa inavunjika. Lazima ashike chake na asikie cha mwenzake kwa wakati mmoja. Sijui somo lingine ambalo mtoto wa miaka saba anafundishwa hilo kwa mwili wake. Kuna utafiti mmoja naupenda sana wa Ujerumani, wa 2010, Kirschner na Tomasello, watoto 96 wa miaka minne, wawili wawili. Nusu walicheza mchezo wakiimba na kupiga mdundo pamoja, nusu walicheza mchezo uleule bila muziki. Baadaye wakapewa kazi ya kubeba goroli kwenye mirija, na mrija wa mmoja ulitengenezwa makusudi utoe goroli chini. Wale waliotoka kuimba pamoja waliacha ya kwao wakaenda kumsaidia mwenzao kuokota mara nyingi zaidi. Goroli tu! Lakini mi nimeona hicho kitu kwenye kwaya, kuna wawili walikuwa wanapigana kila Jumatano, nikawaweka sauti ya pili pamoja, wawili peke yao dhidi ya wengine wote, wiki tatu wakawa wanatembea pamoja kwenda nyumbani.

Wakishazoea ndo uongeze vitu. Vizibo vya soda ukivitoboa na kuvipanga kwenye waya vinakuwa kayamba. Kopo kubwa la maziwa ukilivalisha tyubu kuukuu ya baiskeli ukalikaza na mpira linakuwa ngoma, sauti yake si haba. Na imba nao kila asubuhi kabla ya hesabu dakika tano, hutapoteza kipindi, utakuta wametulia.


Mama Junia

Samahani naingilia. Mi nataka kumnunulia wangu kibodi, ana miaka mitatu na nusu. Kuna duka wanauza kwa laki tatu na nusu. Halafu nimesikia kwamba asipoanza kabla ya miaka saba basi ameshachelewa, kuna ukweli?


Fundi wa Mashine

Mama, kibodi usinunue bado. Mkono wa miaka mitatu na nusu haujatulia, atabonyeza vitufe vya midundo ya ndani wiki mbili kisha itakaa juu ya kabati. Mwimbie, cheza naye, mpe kopo na kijiti. Akifika sita saba akiwa bado anaulizia mwenyewe, hapo sawa.

Hilo la miaka saba lina ukweli wake. 2013 watafiti wa Montreal, Kanada, walilinganisha wanamuziki walioanza kabla ya miaka saba na walioanza baadaye, miaka ya mazoezi ikiwa sawasawa, wakaona ile njia inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo imejengeka zaidi kwa walioanza mapema, na kwenye kushika mdundo wa mkono walikuwa sahihi zaidi. Inaonekana ubongo unajenga barabara wakati udongo bado laini. Lakini usimfungie mlango mtoto wa miaka kumi. Bora zaidi wa kwaya yangu alikuja na miaka tisa hajui kuimba hata noti moja sawa, alikuwa anaongea tu wimbo. Nilimkalisha karibu na bega langu mwaka mzima.

Na jambo moja nawaomba wazazi wote, msilazimishe. Mtoto akilia kila akiona ala, pumzikeni mwezi. Nimeona watoto waliochapwa kwa ajili ya kinanda, wakikua hawataki hata kusikia redio, na hiyo ni hasara ya maisha.


Kaka wa Veyula

Mdogo wangu ana kigugumizi ila akiimba hakwami hata neno moja, hii imekaaje?


Fundi wa Mashine

Ni kweli inatokea kwa wengi, wakati wa kuimba maneno yanabebwa na mdundo na yanajulikana mapema, kwa hiyo mdomo haukwami. Sio dawa, akirudi kuongea kinaweza kurudi. Ila mruhusu aimbe mbele za watu, ajisikie akiwa huru mbele yao. Na mumtafutie mtaalamu wa matamshi, msikae tu kusubiri akikua kitaisha.


Mwalimu Mkeka

Fundi nimerudi. Leo nimejaribu nyama na ugali. Dakika mbili za kwanza raha tupu, kisha ugali wakaanza kukimbia, nyama wakapandisha sauti kuwashinda, wakawa wanashindana nani apige kelele zaidi, mwalimu mkuu akatoka ofisini kuja kuangalia kuna nini. Nikazima. Nimekosea wapi?


Fundi wa Mashine

Hujakosea mwalimu, ndivyo inavyoanza kwa wote, na mi wangu kila Januari wakija wapya ni hivyohivyo. Wameacha kusikilizana kila mtu anasikia upande wake. Kesho usiwaambie wapunguze mwendo, hawatakuelewa. Waambie ugali wanong'one. Wanong'one kabisa, na makofi wapige kwa vidole viwili tu kwenye kiganja. Nyama waseme kwa sauti ya kawaida lakini wakiacha kuwasikia ugali wasimame. Usihesabu, usipige meza, kaa kimya na we. Watasimama mara nyingi mwanzoni, waache waanze wenyewe tena. Jumamosi saa kumi kama una nafasi njoo Nkuhungu uone, uje na kopo moja la maziwa la kilo mbili na nusu, tyubu ninayo.


Mwalimu Mkeka

Nitakuja. Nakuja na makopo mawili.